Naomba ushauri: igizo la Yerusalemu, tuchukue mwaka 1099 au 1187?

MwalimuPwani (mleta uzi):
Habari za jioni wakuu. Mimi ni mwalimu wa historia, kidato cha tano na sita, shule moja mkoani Tanga. Nasimamia klabu ya historia, na siku ya wazazi tunatakiwa kutoa igizo. Tumechagua Vita vya Msalaba. Nimechoka kuona vijana wanakariri ubepari na makoloni kana kwamba Ulaya ilizuka tu siku moja na merikebu zake. Nataka waone ilikotoka: Papa Urbano II anahubiri Clermont, Ufaransa, mwaka 1095, mabwana na wakulima wanaacha mashamba na kushona misalaba mabegani, na mwaka 1099 wako chini ya kuta za Yerusalemu.

Nimekwama kwenye tukio. La kwanza ni Julai 15, 1099, Wafaranki (ndio hao wapiganaji wa msalaba kutoka Ulaya) walipoingia mjini baada ya kuuzingira zaidi ya mwezi, wakaua Waislamu na Wayahudi waliokuwa ndani. La pili ni Oktoba 2, 1187, Salahuddin Ayyubi, sultani wa Misri na Shamu, alipoupokea mji huohuo kwa mapatano na watu wakatoka kwa kulipa fidia, dinari 10 kwa mwanamume na 5 kwa mwanamke. Muda umebana na usingizi sipati. Mngekuwa nyinyi mngechagua lipi?

NahodhaMstaafu:
1187 bila kufikiria mara mbili. Ila nikuonye kuhusu maigizo ya shule. Sisi darasa la saba tuliigiza Majimaji, mimi nikapewa Mjerumani kwa sababu nilikuwa mrefu na nilikuwa na viatu. Niliigiza vizuri mno. Mpaka leo nikirudi kijijini wazee wananiita "Bwana Shauri", na nina wajukuu. Nafasi unayompa mtoto jukwaani inaweza kumganda, mwalimu.

MamaWawili:
Siku ya wazazi mnataka kutuonyesha mauaji? Sisi tunakuja kutazama watoto wetu na matokeo yao. Fanyeni ngonjera. Watoto wa siku hizi hawajui hata kusalimia wakubwa, mnawapa mapanga ya mbao.

Shangani77:
Mimi ningeacha yote mawili nichukue 1229. Mfalme mkuu Frederick II aliipata Yerusalemu bila kurusha mshale, kwa mkataba na Sultani al-Kamil wa Misri. Na alikuwa ametengwa na Papa wakati huo! Miaka kumi nyuma, 1219, Fransisko wa Asizi, mtawa wa Italia, alivuka mstari wa vita kule Damietta, Misri, akaenda kuzungumza na sultani huyohuyo, akarudi salama. Haya hayasemwi kwa sababu hayana damu. Ukitaka kujua imani iliijengaje Ulaya, usitazame panga tu. Tazama na Toledo, Hispania, baada ya Wakristo kuuteka mji huo mwaka 1085, ambako Gerardo wa Cremona na wenzake walikaa wakitafsiri vitabu vya Kiarabu kwenda Kilatini. Kitabu cha tiba cha Ibn Sina, tabibu Mwislamu, kilifundishwa vyuo vya Ulaya kwa karne kadhaa. Igiza hilo.

BintiMakorora:
Shangani umejibu vizuri swali ambalo hujaulizwa.
Mwalimu, nimesoma uzi wako mara mbili. Mtu hakosi usingizi kwa sababu ya kuchagua mwaka. Kuna kitu hujasema. Kimekukwama nini hasa?

MwalimuPwani:
Sawa, niongeze kidogo. Ukweli ni kwamba tumeshaanza mazoezi ya 1187, na nguo ziko kwa fundi. Kinachonisumbua ni mgawanyo wa nafasi. Niliwabadilisha kwa makusudi. Salahuddin anaigizwa na kijana Mlutheri kutoka Lushoto. Balian wa Ibelin, aliyeutetea mji upande wa Wakristo, anaigizwa na kijana Mwislamu, na atavaa joho lenye msalaba kifuani. Nataka kila mmoja asimame mahali pa mwenzake angalau kwa dakika arobaini.

Kwangu huo ndio moyo wa somo. Bila hilo tutakuwa tumewapa wazazi mechi ya Simba na Yanga.

KakaMkubwa_Moro:
Wazo zuri sana mwalimu. Kaza hapohapo.

BintiMakorora:
Na mzazi wa huyo kijana anasemaje?

KipangaWaMilimani:
Wakati tunamsubiri mwalimu, niseme kitu kuhusu 1187. Msimpake Salahuddin rangi ya malaika. Baada ya kulishinda jeshi la Wakristo pale Hattin, Julai 1187, aliamuru mateka Watempla na Wahospitali, yale mashirika ya watawa wapiganaji, wauawe. Na Yerusalemu, maelfu walioshindwa kulipa fidia walichukuliwa utumwani. Tunamsifu kwa kumlinganisha na 1099, na kwa kipimo hicho anastahili sifa. Richard wa Uingereza naye anaitwa Moyo wa Simba, lakini Agosti 1191 nje ya mji wa Akka alichinjisha mateka Waislamu zaidi ya elfu mbili. Vijana waambiwe yote.

BintiMakorora:
Mwalimu, upo? Mzazi anasemaje?

MwalimuPwani:
Nipo. Nilikuwa nasahihisha madaftari.
Mzazi hajui.

Baba yake ni mwalimu wa madrasa, mtu anayeheshimika sana mtaani kwao. Kijana mwenyewe ndiye aliyeniomba nisimwambie. Alisema, "Mwalimu, akiniona jukwaani ataelewa, ukimwambia kabla atakataa." Na mjue huyu si mtoto, ana miaka 18. Anaijua nafasi hiyo hadi anaweza kuniigizia na mistari ya wenzake. Katika miaka yote ya kufundisha sijaona kijana anayeishika historia namna hii. Nikimtoa sasa nitakuwa nimemwambia kwamba darasani tunadanganya tunaposema historia ni ya wote.

MamaWawili:
Subhanallah. Yaani umpe mtoto wa watu msalaba na umfundishe kumficha baba yake? Mimi ni Mkatoliki na ningekasirika vilevile kama mwanangu angefanyiwa hivyo upande wa pili. Mwalimu ni mzazi wa pili. Wa kwanza yupo.

KakaMkubwa_Moro:
Nafuta kauli yangu ya kukaza. Mpigie simu mzee.

NahodhaMstaafu:
Ndiyo maana nilisema nafasi inaganda. Mimi nilikuwa Mjerumani tu, huyu anarudi nyumbani kula na baba yake.

JichoLaTai:
Jamani, mbona mnakunywa chai hii bila kupuliza? Mlutheri wa Lushoto anakuwa Salahuddin, mtoto wa mwalimu wa madrasa anavaa msalaba, siri, fundi, siku ya wazazi. Imepangika mno. Halafu kidato cha tano na sita, historia ya pili inaanzia ubepari wa Ulaya huko, Vita vya Msalaba vinatoka wapi? Mleta uzi akaunti yake ni mpya. Huyu ni mwandishi wa tamthilia anatafuta maoni ya bure. Kama ni kweli, weka picha ya joho.

Ngamiani_Boy:
Chai yenye tangawizi. Picha tafadhali.

Shangani77:
Hata mimi nimeanza kushuka moyo. Mtu anayemjua Balian wa Ibelin kwa jina hapa Tanga?

KipangaWaMilimani:
Shangani, kwani wewe ulimjua al-Kamil ukiwa wapi? Watu wanasoma.

MwalimuPwani:
Picha siweki. Kuna wanafunzi wanaotambulika na kuna mzee ambaye bado hajajua. Mnaniomba nimtangaze humu kabla hajasikia kwangu.
Kuhusu mtaala, nilisema klabu, sikusema kipindi. Klabu inakutana Ijumaa jioni, na sihitaji mtihani uniruhusu kumweleza kijana kwa nini Papa aliweza kuwaamuru wafalme.

Mnaosema natunga, nawapa kilichomo kwenye mswada, kisha mjue kama mtu anatunga hiki ili kuchezea watu. Baada ya Hattin, Balian alikuwa amekimbilia mji wa Tiro. Mke wake, Maria Komnene, alikuwa amebaki Yerusalemu. Akamwomba Salahuddin ruhusa ya kupita kwenda kumchukua. Salahuddin akakubali kwa kiapo: alale usiku mmoja tu, wala asishike silaha. Balian akaingia mjini, watu wakamng'ang'ania, hapakuwa na kiongozi wa kuwatetea. Akakwama kati ya kiapo na watu wake. Akamwandikia Salahuddin, adui yake, akimweleza kwamba hawezi kukitimiza kiapo. Salahuddin akamfungua kutoka kwenye kiapo, kisha akampa mke wake walinzi wa kumfikisha salama. Wiki chache mbele wawili hao wako uso kwa uso nje ya ukuta wanajadili fidia, na Balian anatishia kubomoa misikiti na kuua mateka Waislamu iwapo hawatapewa masharti.

Kijana wangu akifika kwenye ile barua, darasa zima linanyamaza. Nimuondoe huyo?

JichoLaTai:
Hiyo nimeisoma mahali, kwa hiyo historia ni ya kweli. Wewe bado sijakuamini. Lakini endelea.

BintiMakorora:
Mimi sijali kama ni chai. Hata kama kaitunga, humu kuna walimu kumi wanaosoma kimyakimya na mmoja wao ana jambo kama hili.

Mwalimu, sikiliza ulichoandika mwenyewe. Balian alimwandikia mtu aliyemshinda vitani kumwomba amfungue. Wewe unashindwa kumpigia simu mzee ambaye hajakukosea chochote? Unamfundisha kijana ile barua, na wakati huohuo unamsaidia kutoiandika kwa baba yake.

MwalimuPwani:
Akikataa je? Wiki zimebaki chache.

BintiMakorora:
Akikataa amekataa. Salahuddin naye angeweza kukataa.

KipangaWaMilimani:
Mwalimu, niingize la kitaalamu linaloweza kukupunguzia mzigo. Umesema joho lina msalaba kifuani. Mwekundu juu ya nguo nyeupe, siyo? Huo ni wa Watempla. Papa Eugenio III ndiye aliyewaruhusu kuuvaa, katikati ya karne ya 12. Walikuwa watawa wenye panga, wameapa useja, ufukara na utii. Bernardo wa Clairvaux, abate mwenye sauti kubwa kanisani, aliwapigia debe hadi kanuni yao ikapita kwenye mtaguso (mkutano wa kanisa) wa Troyes mwaka 1129. Balian hakuwa mmoja wao. Alikuwa bwana mwenye ardhi, ana mke na watoto. Kumvika vazi la Templa ni kosa la historia, achilia mbali la mzazi. Mvike joho lisilo na alama.

MwalimuPwani:
Hilo nalijua, mkuu, lakini wazazi watamtambuaje? Jukwaani kuna watu ishirini. Msalaba unasema yote kwa sekunde moja. Na kitambaa kimeshakatwa.

KipangaWaMilimani:
Kitambaa kilichokatwa kinashonwa upya. Na hicho kinachosemwa kwa sekunde moja ndicho kinachofundisha watu kwamba vita ile ilikuwa timu mbili. Mwaka 1204 jeshi la msalaba liliipora Konstantinopoli, mji mkubwa wa Wakristo. Farasi wa shaba waliochukuliwa kule waliwekwa juu ya kanisa la Mtakatifu Marko, Venice. Hapo ungemtambuaje nani kwa msalaba?

MtotoWaOldTown:
Nyinyi mwajadili haya kama yako mbali. Msalaba ule ulifika hapa kwetu Mombasa. Watempla walivunjwa na Papa mwaka 1312, baada ya mfalme wa Ufaransa kuwakamata Ijumaa moja ya Oktoba 1307. Mkuu wao, Jacques de Molay, akachomwa moto Paris mwaka 1314. Lakini Ureno hawakupotea. Mfalme Dinis aliunda Shirika la Kristo mwaka 1319, likarithi mali zao. Mwanamfalme Henrique akawa msimamizi wake tangu 1420, na mapato ya shirika yakasaidia kulipia safari za baharini. Vasco da Gama alipotia nanga hapa Aprili 1498, alikuja chini ya msalaba wa shirika hilo. Mwaka 1505 Almeida, kamanda wa Wareno, akaipora Kilwa, kisha akaichoma Mombasa. Ngome waliyoijenga kuanzia 1593 wakaiita jina la Yesu.

Mimi natembeza wageni pale ngomeni. Huwauliza wanafunzi wanaokuja, mwajua meli hizi zilianzia wapi? Hujibu Lisbon. Nami huwaambia zilianzia Yerusalemu. Kwa hiyo mwalimu, somo lako lina haki ya kuwepo Tanga kuliko wewe mwenyewe ulivyolitetea. Lakini jua pia kwa nini mzee wa madrasa wa pwani hii akiona msalaba juu ya joho la vita, hafikirii tamthilia. Kuna kumbukumbu hapa.

MamaWawili:
Sasa hiyo ndiyo ngonjera ningependa kuisikia.

Shangani77:
Mombasa umesema. Bado naishikilia 1229 yangu lakini.

MwalimuPwani:
Wakuu, nimempigia leo baada ya alasiri. Kijana alikuwa amekaa pembeni yangu, nilimwomba kwanza, akakubali baada ya kusumbuana sana. Sitaandika yote. Mzee hakupandisha sauti. Aliuliza kama kuna mahali mwanawe anatamka neno lolote la ibada, nikamwambia hakuna. Akauliza kama yule anayemwigiza Salahuddin ataadhini. Nilikuwa nimepanga tendo la swala ya Ijumaa ya Oktoba 9 ndani ya al-Aqsa. Akasema hilo hapana, na akanieleza kwa nini, na nimelitoa. Jumamosi anakuja shuleni kuusoma mswada mwenyewe, na hadi hapo kijana asivae chochote.

Kubadilishana nafasi siachi. Nitamwambia hivyo usoni, kwa heshima, na akikataa nitampa kijana kazi ya msimulizi, maana mswada huu ni wake kama ulivyo wangu. Fundi nimemzuia, joho linabaki jeupe tupu, na majina tutayaandika kwenye vibao vya mbao wavitundike shingoni.

MtotoWaOldTown, nakuomba unisaidie jambo moja. Nataka msimulizi amalizie kwa safari ya kutoka Shirika la Kristo hadi Kilwa, aya mbili tu. Kama una tarehe za Almeida kwa mwezi, niandikie hapa kabla ya Ijumaa.

MtotoWaOldTown:
Kilwa ni Julai 1505, Mombasa Agosti mwaka huohuo. Aya nitakuandikia usiku nikishafunga kazi. Mzee akija Jumamosi, mwonyeshe na hizo.