Yaani kusoma kompyuta ndo kunifanye fundi dishi mbele ya wakwe???

Wakuu salamu baadae, natype huku natetemeka. Yule mjomba mnamjua, kila ukoo unaye, yule asiyechangia hata mia ila kwenye msafara anakaa siti ya mbele. Leo tumeenda kujitambulisha ukweni Mbagala, mshenga ndo kwanza anasafisha koo, TV ya baba mkwe ikaganda. Jamaa akadakia, "Msihangaike, kijana wetu kasoma kompyuta huyu." Nikapanda juu ya bati wakuu. Na suti. Jua la saa nane la Dar, bati limegeuka kikaango na chapati ndo mie, nazungusha dishi mashemeji wote wako chini wananielekeza kushoto kidogo, rudi, umepitiliza, kumbe kifurushi kimeisha!

Sasa nashuka, tandabui kichwani, suruali imechanika, mjomba mtu mzima anamgeukia baba mkwe anasema "Miaka mitatu chuo, mkopo wa serikali, dishi limemshinda." Dishi. Limemshinda. Mbele ya baba mkwe!

Mie nimesomea kuandika programu, tena mitihani ya C, lugha ya kuandikia programu, tulikuwa tunaandika kwa peni kwenye karatasi, ukisahau nukta mkato maksi imeenda, hakuna siku mhadhiri alisema kesho njooni na ngazi. Halafu mnauliza vijana mbona hawataki kompyuta. Shemeji yangu mdogo yupo fomu foo, shuleni kwao kompyuta zimefunikwa vitambaa kama maiti na ufunguo anao mkuu wa shule, ila dogo moyo alikuwa nao hivyohivyo, leo kanicheki nilivyoning'inia pale akasema kaka, mie nasoma famasia. Kisa dishi! Eti limemshinda!

Kiporo cha Jana: Kwani uongo? Si limekushinda kweli 😂😂

Babu Kikoi: Suti juu ya bati, uzi bila picha hauna mashiko

Dada Mhasibu: Afadhali wewe umepanda mara moja ukashuka, mie kwa vile nimesoma uhasibu kila kamati ya harusi mweka hazina ni mie, ahadi milioni nane zinaingia laki sita, halafu naulizwa mie hela ziko wapi

Kiporo cha Jana: Hizo ahadi wengine mnatuandikia bila hata kutuuliza

Babu Kikoi: Na huyu bodi ya mikopo ikishamkata 15% ya mshahara atachanga na nini

Dada Mhasibu: Kiporo kama ndo wewe wa ile kamati ya Jumamosi lipa elfu hamsini ya watu

Kiporo cha Jana: Nilikula sahani moja tu jamani, tena pilau halina nyama

Mleta mada: Wakuu mbona mmehamia harusini, mie naongelea DISHI

Babu Kikoi: Tulia mkuu, na yako ikifika tutachanga. Single shingapi?