Mrejesho: Kinu cha upepo cha maji na umeme, Singida

Wakuu, niliuliza kama kinu kimoja cha upepo cha kujitengenezea kinaweza kuvuta maji kisimani na kuwasha taa hapa kwetu Singida. Kinaweza, ila kwa kupitia betri: kinu kinachaji, betri inaendesha pampu ndogo ya volti 12 na taa za usiku.

Aliyenishauri niachane na alteneta ya gari (ile inayochaji betri ya gari), Mungu ambariki. Ile hutaka mizunguko zaidi ya 1,000 kwa dakika ndipo ichaji, na mapanga ya kinu hayafiki huko bila gia. Nimefunga mota ya sumaku ya kudumu, ambayo ikizungushwa hutoa umeme, diodi ya kuzuia umeme usirudi kwenye mota, na mapanga matatu ya bomba la plastiki.

Kilichonishangaza ni mlingoti. Juu zaidi upepo huwa na kasi zaidi, na kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu yake huwa mara nane! Tulipoinua kinu juu ya miembe, kilibadilika kabisa. Fundi wa kuchomelea akaongeza mkia unaokigeuza pembeni upepo ukizidi. Huo msiuache jamani, panga likikatika linaua mtu.

Mama sasa anamwagilia mchicha bila kubeba ndoo, nami natafuta betri ya pili.