Shangazi karudi mazoezini (kikundi cha familia)

Ijumaa

Shangazi: Hamjambo wanangu. Leo siku ya tatu sijatoka. Jumatatu nilikimbia dakika 40, Jumanne 40 tena, Jumatano nikashindwa kushuka ngazi. Mpaka jana nilikuwa nashuka kinyumenyume nimeshika ukuta. Naona mwili umekataa.

Baba Mdogo: Pole sana dada. Dakika 40 siku ya kwanza, baada ya miaka mingapi?

Shangazi: Sita. Zamani hizo 40 nilikuwa nazimaliza bila kutweta, ndiyo maana nikaanzia hapohapo.

Zuhura: Shikamoo Shangazi, shikamoo Baba Mdogo. Pole Shangazi. Maumivu yako wapi hasa? Mguu mmoja au yote?

Shangazi: Marahaba mwanangu. Mapaja yote mawili, kwa mbele. Nikiyabonyeza yanauma. Leo afadhali kidogo.

Zuhura: Basi hiyo ni misuli iliyoshtuliwa na kazi iliyoisahau. Huuma zaidi kati ya saa 24 na 72 baada ya mazoezi, halafu maumivu yanapoa yenyewe. Lingekuwa goti moja limevimba, au unachomwa mahali pamoja kwenye mfupa, ningekwambia uonane na daktari.
Na hili ni la wote humu: ukiwa mazoezini kifua kikabana, au ukapata kizunguzungu, simama hapohapo uende hospitali mara moja. Baba Mdogo, wewe na presha yako ongea na daktari kabla hujaanza. Tafadhali.

Baba Mdogo: Marahaba. Nimesikia mama.

Zuhura: Sasa Shangazi, mwili haujakataa. Wanaorudi mazoezini nawapokea kila wiki kwenye tiba ya viungo, na karibu wote wameanzia pale walipoachia. Kichwa kinakumbuka zile 40, miguu haizikumbuki. Pumzi hurudi upesi, na misuli iliyowahi kuzoea hurudi haraka kuliko ya mtu anayeanza kabisa. Kano zinazoshika misuli kwenye mfupa ndizo zinazochelewa, zinataka miezi. Kwa hiyo wiki ya tatu unajiona uko fiti, unaongeza kasi, na hapo ndipo watu wanaumia kweli. Wewe umepata onyo mapema.

Baba Mdogo: Lakini tunaambiwa dakika 150 kwa wiki. Mtu atazitoa wapi?

Salim: Na hatua 10,000 kwa siku.

Zuhura: Shirika la Afya Duniani linasema 150 hadi 300 kwa wiki kwa watu wazima, mazoezi ya wastani, na siku 2 au zaidi za kukaza misuli. Ya wastani maana yake unaweza kuongea huku unatembea, lakini kuimba huwezi. Huko ni tunakokwenda, siyo tunapoanzia. Zamani walitaka kila kipande cha mazoezi kifike dakika 10 ndiyo kihesabiwe. Mwongozo wa 2020 ukaliondoa sharti hilo. Dakika 5 zako zinaingia kwenye hesabu.
Hatua 10,000 zilianza na kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Kiliitwa manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la bidhaa, mdogo wangu. Kutembea ni kuzuri, ila namba hiyo isikunyime usingizi.

Bibi: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:41)

Salim: Kwa walio mahali penye kelele: Bibi anasema kila akimaliza kupiga mswaki asubuhi anakaa kwenye kiti, anasimama, anakaa, mara 10, mikono kifuani. Ana mwaka sasa. Anasema hakumwambia mtu kwa sababu hakujua kama ni mazoezi.

Zuhura: Bibi! Shikamoo Bibi yangu. Ni mazoezi kamili, tena ya mapaja. Na mmeona alivyofanya? Hakutafuta muda. Amelifunga zoezi kwenye mswaki, na mswaki haumpiti. Mtu akisema "nitafanya nikipata nafasi", mimi najua hatafanya.

Salim: Mimi nilifika siku ya 19 ya mazoezi, nikashikwa na mafua siku nne. Nikaona nimeshaharibu. Sasa ni miezi miwili.

Zuhura: Hapo ndipo panaponiuma, maana hukuharibu chochote. Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha UCL, London, walifuatilia watu 96, wakachapisha mwaka 2010. Mazoea yalichukua kama siku 66 kwa mtu wa katikati, lakini kulikuwa na wa 18 na wa hadi 254. Na kukosa siku moja hakukuvunja kitu. Kinachovunja ni ile "basi tena" unayojiambia jioni yake. Kesho asubuhi vaa raba, Salim. Usilipe za nyuma, hakuna deni.

Bibi: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:06)

Salim: "Kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi." Sawa Bibi, kesho.

Shangazi: Na mimi?

Zuhura: Dakika 10 za kutembea, ukishanawa uso tu, kabla hujagusa simu. Raba ziwe mlangoni tangu usiku, soksi zikiwa ndani yake. Kwa wiki mbili ni hizo 10, hata ukijisikia kupaa. Habari ya kukimbia tutaiongelea baadaye.

Shangazi: Kumi ni aibu kidogo, lakini nitakusikiliza.

Jumanne

Shangazi: 📷 Picha
Hiyo ni kalenda ya jikoni. Alama tatu nyekundu: Jumamosi, jana na leo. Jumapili nilikosa, nyumba ilijaa wageni. Jana nilisimama mlangoni nikitazama raba, nikakaribia kusema "basi tena". Nikavaa. Leo ilipofika dakika ya tano nilitamani kuendelea, nikageuza nikarudi.

Zuhura: Shangazi, nimeisoma hii mara mbili. Jana ndiyo alama ninayoipenda kuliko zote.

Baba Mdogo: Dada, daktari ameniruhusu kutembea polepole. Kesho unatoka saa ngapi?

Shangazi: Saa 12 na nusu.

Baba Mdogo: Nipigie ukiwa mlangoni. Nami nitoke huku, tutembee tunaongea.

Shangazi: Nikipiga upokee.