Tupeane uzoefu: kuzima VM salama stima ikipotea

Fundi_Kondele
Wadau, leo ni kuhusu VM (kompyuta pepe zinazoishi ndani ya seva moja) na jinsi ya kuzizima salama stima ikipotea. Masika imeingia na radi za jioni Kisumu mpaka Kakamega mnazijua. Tuleteane mipangilio kamili, amri na sekunde zake.

Naanza na Proxmox, mfumo wa kuendesha VM kwenye seva. VM huzimwa kwa kinyume cha mpangilio wa kuwaka, kwa hivyo hifadhidata ipewe namba 1: iwake kwanza, izimike mwisho.

`qm set 101 --onboot 1 --startup order=1,up=60,down=180`
`qm set 102 --onboot 1 --startup order=2,down=90`

`down` ni sekunde ambazo VM husubiriwa izimike. Jumlisha hizo `down`: sekunde 270, bado hujazima seva yenyewe. UPS (betri ya akiba ya seva) ikibeba dakika tano tu, umekwama. Pima muda huo kwa mzigo halisi, usiamini maandishi ya kwenye boksi, maana betri huchoka.

Dada_wa_Seva
Hapo kuna mtego, ndugu. Ukiwasha `--agent enabled=1` bila kusakinisha `qemu-guest-agent` (ejenti, programu ndogo inayopokea maombi ya Proxmox) ndani ya VM, Proxmox hutuma ombi kwa ejenti asiyekuwepo, husubiri mpaka muda wa `down` uishe, ndipo hukata kwa nguvu. Hifadhidata inakatwa ikiwa bado inaandika. Sakinisha kwanza, kisha zima VM kabisa na kuiwasha tena. Kuiriboti kutoka ndani hakutoshi. Hakikisha kwa `qm agent 101 ping`: ikinyamaza bila kosa, ejenti yuko kazini. Kwa VM ya Windows, ejenti huyo yuko kwenye ISO (faili la diski) ya virtio-win.

Na cache ya diski (hifadhi ya muda ya data kabla ya kuandikwa) iache kwenye `none`. `unsafe` hupuuza kabisa ombi la VM la kuandika data diskini, na stima ikikatika hapo umepoteza.

Kakamega_NUT
Yote hayo ni bure kama seva haijui stima imepotea. Unganisha UPS kwa USB, weka NUT (programu ya kufuatilia UPS), draiva `usbhid-ups`. Kwa kawaida `upsmon`, sehemu ya NUT inayozima seva, husubiri UPS iseme betri iko chini, na kwa betri kuukuu ujumbe huo hufika umechelewa mno. Kwenye `ups.conf`, chini ya UPS yako, ongeza:

`ignorelb`
`override.battery.charge.low = 50`

Sasa kuzima kunaanza betri ikishuka chini ya nusu. Jaribu kwa `upsmon -c fsd` watumiaji wakishatoka. Hiyo huzima kila kitu kikweli.

Kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) weka seva ijiwashe stima ikirudi. Lakini seva ikishazimika, stima ikirudi kabla UPS haijakata umeme wake, seva haioni mabadiliko yoyote na inabaki imezimwa mpaka asubuhi. Weka `POWERDOWNFLAG` ili NUT iamuru UPS ikate baada ya seva kuzimika.

Bungoma_KVM
Kwa wanaoendesha VM kwa KVM na amri ya virsh badala ya Proxmox: `systemctl enable libvirt-guests`, kisha kwenye Debian fungua `/etc/default/libvirt-guests`, uweke `ON_SHUTDOWN=shutdown`. Ukiweka `suspend`, VM husimamishwa badala ya kuzimwa: RAM yote huandikwa diskini, na kwa VM ya GB 16 kwenye diski ya kuzunguka hiyo ni kazi ndefu. Angalia pia `PARALLEL_SHUTDOWN`: ikiwa 0, `SHUTDOWN_TIMEOUT` huhesabiwa kwa kila VM peke yake. VM nne kwa sekunde 180 zinaweza kufika dakika 12.

Dada_wa_Seva
Turudi Proxmox: stima ikikatika katikati ya bakapu, VM inaweza kugoma kuwaka kwa sababu ya kufuli la `backup`. Hakikisha hakuna `vzdump` (programu ya bakapu ya Proxmox) inayoendelea, ndipo `qm unlock 101`. Faili la bakapu lililoishia njiani lifute, upige jingine usiku huohuo.