Elektroni za mpakani mwa oksidi mbili zinatoka wapi?

Mwanafunzi wa uzamili, Nairobi
Salamu kwenu. Ninaandaa semina kuhusu ugunduzi wa Ohtomo na Hwang wa mwaka 2004, walioonyesha kwamba alumineti ya lanthanamu ikioteshwa juu ya titaneti ya strontiamu, umeme hupita mpakani ilhali kila moja peke yake ni kihami. Ikiwa hakuna elementi ngeni iliyoongezwa, elektroni hizo zimetoka wapi?

Mhadhiri wa fizikia
Anza na chaji za matabaka. Katika titaneti, matabaka ya SrO na TiO₂ hayana chaji. Katika alumineti, LaO ina chaji chanya moja na AlO₂ ina hasi moja. Matabaka haya yanapozidi kupandana, volteji ndani ya alumineti huongezeka, hadi inakuwa nafuu kwa elektroni kuhama kutoka juu na kutua mpakani, kwenye obiti za titaniamu. Ndiyo maana umeme haupiti hadi alumineti ifikie unene wa seli nne hivi (seli ni kipande kidogo kabisa cha fuwele kinachojirudia), kama ilivyopimwa mwaka 2006, na ndiyo maana titaneti inayoishia na SrO badala ya TiO₂ huacha mpaka ukiwa kihami.

Mwanafunzi wa uzamili
Nashukuru, mwalimu. Lakini kwa hesabu hiyo ningetarajia nusu ya elektroni kwa kila seli, yaani takriban trilioni 330 kwa sentimita mraba. Mbona vipimo vingi huonyesha makumi ya trilioni tu?

Mtafiti wa maabara
Kipimo cha Hall, yaani kupima kwa uga wa sumaku wingi wa chaji zinazobeba umeme, huhesabu elektroni zinazotembea tu, zilizonaswa hazionekani. Hata hivyo, maelezo ya mhadhiri, ambayo nayakubali kwa sehemu kubwa, hayatoshi bila kutaja oksijeni. Kila atomu ya oksijeni inayokosekana katika titaneti huweza kuacha elektroni mbili, kwa hiyo sampuli iliyooteshwa penye oksijeni haba hupitisha umeme kwa wingi, tena hadi ndani ya titaneti yenyewe, na hapo huwezi tena kuusifia mpaka. Sampuli zilizopashwa joto ndani ya oksijeni baada ya kuoteshwa ndizo za kulinganisha na nadharia. Usiache pia matokeo ya mwaka 2007, kwamba mpaka huu hupitisha umeme bila ukinzani wowote chini ya takriban kelvini 0.2. Kwenye semina, taja shinikizo la oksijeni kando ya kila grafu. Mimi grafu isiyolitaja huwa siijadili.