Ute wa waridi, kiini kigumu: ni mashudu ya pamba?

Kuku_Ruai
Wafugaji wenzangu, habari za jioni. Hapa Ruai nina kuku 300 wa mayai na jogoo 30. Chakula nachanganya mwenyewe, na tangu mwezi uliopita kila kilo 100 ina kilo 10 za mashudu ya pamba badala ya soya. Yai likivunjwa siku hiyohiyo halina kasoro. Lakini yaliyokaa kwenye friji ya mteja wiki tatu yana ute wa waridi, na kiini ukikiangusha kwenye sahani hakipasuki. Anayeangulia naye analalamika: mayai yana mbegu (yamerutubishwa na jogoo), ila vifaranga vinafia ndani mapema. Ni gosipoli, ile sumu ya mbegu ya pamba? Nikiongeza salfeti ya chuma itasaidia?

Lishe_Kabete
Ndugu, mbegu ya pamba ina sumu mbili, na salfeti ya chuma hufunga moja tu, yaani gosipoli. Hiyo hufanya kiini kiwe cha kahawia au kijani cha zeituni. Waridi unayoiona inatokana na asidi za mafuta ziitwazo stekuliki na malvaliki, ambazo chuma hakizigusi.

Asidi hizo huzuia kimeng'enya cha ini kinachogeuza asidi ya steariki, inayoganda, kuwa oleiki, iliyo laini. Kuku anaweka mafuta magumu kwenye kiini, ndiyo maana kikipoa kinakuwa kama mpira. Utando wa kiini nao unavuja: chuma cha kiini kinapita hadi kwenye ute, kinashikana na protini iitwayo konalbumini, na hapo ndipo rangi inapotoka. Huchukua muda, kwa hiyo yai bichi la leo halikuonyeshi kitu. Kijusi kinategemea mafuta hayohayo ya kiini, na vifo vyako vya mapema vinaendana kabisa na tatizo hili.

Mashudu yako yamekamuliwa kwa mashine au kwa kemikali?

Kuku_Ruai
Kwa mashine. Nikiyabana kwenye karatasi yanaacha doa la mafuta.

Lishe_Kabete
Basi hapo ndipo shida ilipo. Asidi hizi zimo ndani ya mafuta. Mashudu ya kemikali hubaki na mafuta takriban asilimia 1, ya mashine yanaweza kufika 5 au zaidi. Ukipeleka sampuli maabara, omba kiwango cha mafuta, gosipoli huru na kipimo cha Halphen, ambacho hutoa rangi nyekundu asidi hizo zikiwepo. Msijaribu kipimo hicho nyumbani, kemikali yake inawaka upesi na mvuke wake ni sumu.

Dakta_wa_Ndege
Kabla ya kulaumu mashudu, hakikisha si bakteria. Pseudomonas pia hutia ute waridi au kijani, na yai hilo haliliwi. Linuse, kisha limulike gizani kwa taa ya kukagulia noti: ute uking'aa kijani, ni uozo. Mpaka ujue, usimuuzie mtu yai la waridi.

Chukua mayai 10 ya siku moja, weka 5 kwenye friji na 5 nje, uyavunje baada ya wiki tatu kwenye sahani nyeupe. Kiini cha friji kikiwa kigumu na cha nje kikiwa afadhali, chakula ndicho chenye kosa.

Mizani_Utawala
Kwa kuku wazazi, mashudu ya pamba ya mashine yatoe yote. Kilo 10 zenye protini asilimia 38 zina protini kilo 3.8. Soya ya asilimia 45 inakupa hiyo kwa kilo 8.5, na kilo 1.5 zinazobaki jaza mahindi. Soya ina laisini (kijenzi cha protini ambacho kuku anakihitaji) nyingi kuliko pamba, kwa hiyo utagaji hautaumia. Mbegu za msufi na mbuyu zina asidi hizohizo, msizigeukie.

Kiini hujengwa kwa siku kama 10 kabla ya yai kutoka, na mafuta ya mwilini mwa kuku huendelea kuachia asidi zilizohifadhiwa humo. Usipeleke mayai kwenye mashine ya kuangulia kabla ya wiki nne tangu ubadilishe chakula. Ya kula, uza yakiwa mabichi, na mwambie mteja asiyaweke muda mrefu.