Raketi ya padel "ya kike": mzoefu anaihitaji kweli?

Mtoa mada (Kiromo)
Wana Bagamoyo mnaoteremka Dar kucheza padel, ule mchezo kama tenisi ndani ya uwanja wa kuta za kioo, hebu tuambizane ukweli. Kikundi chetu cha akina mama kimechanga hela ya raketi nne. Wote tumecheza miaka, hakuna wa kufundishwa kushika mpini. Dukani muuzaji hakuuliza tunachezaje. Alitutazama tu mitandio yetu, akatutolea za kike, nyepesi na laini. Zile nyingine, eti "hizo za akina baba". Uwanja si ule ule, mita 20 kwa 10? Wavu ule ule, sentimita 88 katikati, na mpira ule ule. Kanuni zimeweka kikomo cha raketi, urefu sentimita 45.5 na unene milimita 38, wala hazikutaja jinsia. Mimi naiita dharau.

Dada wa Dunda
Shoga, punguza hasira. Gemma Triay wa Hispania amekuwa namba moja duniani, na amewahi kutumia raketi ya kampuni ya Bullpadel yenye herufi W kwenye jina, yaani ya wanawake. Nani atamwita dhaifu? Gramu 350 na 370 ukizishika dukani utaona ni mamoja. Subiri seti ya tatu, bega lenyewe litakwambia.

Mtoa mada
Ya Triay imetengenezwa kufuata mchezo wake. Yetu imefuata mtandio.

Mpiga kushoto (Zinga)
Mnagombania gramu, mizani mmeisahau. Chukua raketi mbili za gramu 360. Moja uzito umekaa karibu na mpini, nyingine umepanda kichwani. Hiyo ya pili mkono utaapa kuwa ni nzito zaidi. Za umbo la almasi kwa kawaida huwa na kichwa kizito, za duara huwa nyepesi juu, za umbo la tone ziko katikati. Mimi nasimama kushoto, kazi yangu kumaliza mpira kwa smashi, kwa hiyo nataka yenye uso wa kaboni na kichwa kizito. Mwenzangu wa kulia ni mtu wa lobu (kuinua mpira juu ya wapinzani), volei (kupiga kabla haujadunda) na kuokoa mipira inayorudi kwenye kioo. Nikimpa almasi yangu nitamtesa bure: mahali pa kupigia ni padogo na pako juu. Mkinunua nne za aina moja mtakuwa mmeshona sare ya harusi.

Kaka wa Magomeni
Samahanini dada zangu, nachomekea. Ushauri mwingi tunaousoma umeandikwa na watu wa Ulaya, ambako Januari raketi inakakamaa kwa baridi, ndiyo maana wanasifia laini. Sponji ya EVA iliyo ndani ya raketi hulegea kwenye joto. Januari yetu mnaijua. Laini ya kule ikifika huku inazidi kulegea, ukitaka kupiga kwa nguvu haikupi kitu. Mchezaji mzoefu wa Pwani asiogope ugumu wa wastani, awe mwanamke au mwanamume. Halafu jamani, acheni kuzilaza kwenye buti la gari juani mkipitia Tegeta kununua mahitaji! Hapo hata ya bei mbaya inakufa.

Bi Mkubwa (Kaole)
Mwanangu, ugumu wa wastani unausema kwa sababu kiwiko chako kizima. Changu kikiguswa na kaboni ngumu, usiku silali. Mimi nataka ya faibaglasi, iliyo laini zaidi, duara, uzito chini. Ikiwa imeandikwa ya kike, au hata ya watoto, mimi hainihusu.

Mtoa mada
Shikamoo bibi. Hapo sina ubishi, maana wewe umechagua kwa kiwiko chako. Ninachokataa ni kuchaguliwa na mtu ambaye hajaniona nikipiga mpira hata mmoja. Basi turudi dukani, kila mmoja aseme anasimama upande gani na anaumwa wapi, ndipo tuletewe za kujaribu.

Dada wa Dunda
Na bei? Kaboni ya huyo wa Zinga itapita mbali faibaglasi ya Bibi. Mchango ulikuwa sawa kwa sawa.

Mpiga kushoto (Zinga)
Ziada nitajilipia.

Dada wa Dunda
Wewe unayo. Wa kulia wako je, akitaka kaboni na hana ziada? Atarudishiwa ile ya mtandio?

Mtoa mada
Hilo tulipeleke kikaoni Jumamosi. Mweka hazina, uje na daftari.